Mfalme Asiyekula

Kila alfajiri Kellu alisonga ugali wa uwele, akaandaa mchuzi wa samaki wenye samli na ukwaju, akayaziba mabakuli kwa udongo. Kisha Tuma, mwongoza ngamia, aliyapakia juu ya ngamia na kuyapeleka kwa siri kwenye jumba la mfalme. Mfalme wa Kanem, kama kila mtu alivyojua, hali chakula. Aliyekutana na ngamia yule njiani aliuawa papo hapo, asije akayasema aliyoyaona.

Dalatu, mumewe Kellu, alikutana naye akimtafuta mbuzi aliyepotea. Walinzi wa ngamia wakamwua, wakamzika pale pale, karibu na kisima.

Siku ya tatu ngamia alipiga magoti kaburini, na alipoinuka mabakuli yalikuwa mepesi. Udongo haukuwa na ufa hata mmoja.

"Shemeji, mumeo anakula chakula cha mfalme," Tuma akamwambia Kellu. "Nimemwona kwa macho yangu, analamba vidole."

"Dalatu na samli! Hajasema neno?"

"Kinywa kimejaa, atasemaje?"

Kellu akacheka, kisha akalia. Tuma alijaribu njia nyingine, lakini kila siku ngamia alimburura hadi kaburini, na mabakuli yakafika kwa mfalme matupu. Basi wakanyamaza wote wawili, maana kila mtu anakipenda kichwa chake.

Siku ya arobaini mfalme alitoka barazani, akakaa nyuma ya pazia kama ilivyo desturi. Upepo ukalifunua. Mfalme alikuwa ameketi hewani, shubiri moja juu ya mkeka, na mwanga ulipita mwilini mwake kama unavyopita kwenye samli iliyoyeyuka. Watu waliinamisha vichwa, wala hawakushangaa. Si ndivyo walivyoambiwa siku zote? Ni Kellu tu aliyeshangaa, yeye aliyemlisha miaka kumi na mmoja na kujua alivyopenda ukoko. Alikuwa na kila sababu ya kumchukia mtu yule, lakini tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile.

Jioni alikwenda kwa mama wa mfalme.

"Mama, sasa mwanao hali kweli. Basi ngamia na apumzike. Binti yangu Yakaka anachota maji kisima kile kile cha njia ya ngamia, na kingine hatuna."

Bibi yule akamtazama kwa huruma.

"Ngamia akipumzika, mwanangu, watu watauliza alikuwa amebeba nini. Nenda kapike."

Kellu akamwonya Yakaka asikilize vizuri kabla ya kukikaribia kisima. Yakaka akasema, "Nasikiliza, mama, masikio ninayo." Lakini ngamia hukanyaga mchanga kimya.

Yakaka alikutana naye siku ya soko, mtungi ukiwa kichwani. Walinzi wakamzika kando ya baba yake.

Kesho yake Kellu aliamka alfajiri kama kawaida, akawasha moto. Aliongeza kibaba cha uwele, akapunguza ukwaju, kwa kuwa mtoto hakupenda uchachu.