Jicho la Kushoto la Wathome

Kwa misimu tisa Wathome alicheza raga kama winga wa kushoto katika timu ya kiwanda kimoja cha Athi River, na akishashika kasi kando ya mstari hakuna aliyemfikia. Kisha, mwaka wa 1997, kidole cha mtu kilimwingia jicho la kushoto mazoezini. Daktari alimwambia halitaona tena. Mkewe Mueni ndiye pekee aliyejua.

"Mwambie kocha," Mueni alimsihi.

"Upande wangu naweza. Kushoto kwangu ni mstari tu na nyasi. Mpira na watu wote wanatoka kulia, na kulia naona."

Ilikuwa kweli. Alicheza msimu mzima bila mtu kushtuka, mpaka siku ya fainali, mjini Machakos. Dakika ya ishirini, winga wa kulia aliteguka goti. Kocha Bartholomew akapaza sauti: "Wathome! Hamia kulia!"

Sasa kila kitu kingetokea upande wa giza. Alifungua mdomo aseme, akaufunga, akavuka uwanja.

Pasi ya kwanza ilimgonga sikio. Mashabiki walicheka. Kilonzo, kijana wa idara ya kupakia mifuko aliyecheza kando yake, upande wa katikati ya uwanja, alimjia mbio. "Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa. Cheza."

Alianza kugeuza shingo kila mara, kama kuku anayeogopa mwewe. Jasho lilimwingia katika jicho zima. Wapinzani wakaokota mpira, na jamaa wao mmoja mnene akaja na mpira kati ya Wathome na Kilonzo. Hakumwona. Alisikia tu vishindo vya viatu, na Kilonzo akipiga kelele, "Mtu wako! Mwangushe!"

Alipogeuka, Kilonzo alikuwa ameshajirusha peke yake kumwangusha yule mnene, vibaya, bega mbele. Mlio wa mfupa ulisikika hadi kwenye viti.

Wathome alitembea moja kwa moja hadi kwa kocha. "Nitoe. Jicho hili halioni. Tangu mwaka jana."

Bartholomew alimwashiria mchezaji wa akiba. "Vua jezi," alisema.

Walishindwa kwa pointi mbili.

Jumatatu alienda hospitalini. Kilonzo alikuwa amefungwa bega. Mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika mahali pawili.

"Ulikuwa unajua jicho halioni?" Kilonzo aliuliza.

"Nilijua."

"Na nilipokuuliza ukasema uko sawa."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Niliogopa kuacha kucheza, ukaumia wewe. Nisamehe."

Kilonzo aligeukia ukuta. Wathome alisimama hapo, kofia mkononi, bila kujua aende au abaki. Saa ya chakula muuguzi akaleta sahani, na Kilonzo akajaribu kukata nyama kwa mkono mmoja, ikamteleza.

Wathome alivuta kiti, akachukua kisu, akaanza kumkatia. Kilonzo akachukua kipande cha kwanza, akala.