Mapine ya Pisti, Mapine ya Kalehe

…kwa sababu pine hili la kushoto lina mitaro mirefu, maji yanapita, linajua mvua, na hili la kulia ni karibu kipara, mistari miwili mitatu ya kuondoa aibu tu, mpira laini hata ukucha unaingia, likishapata moto linaishika lami kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, lakini likiwa baridi na njia ikilowa ni sabuni, sabuni kabisa, najiambia, Colombe, unajua, ndiyo maana unafundisha fizikia, na gari ni moja, Subaru mzee hawezi kubadilisha viatu kama mimi nikitoka misa… "Maman, papa iko wapi?" Télesphore mwenye duka ananiuliza tena, ameyapaka mapine yote dawa nyeusi ili yang'ae kama viatu vya bwana harusi, kiganja changu kimekuwa cheusi, "kuchagua mapine siyo kuchagua majani ya sombe sokoni, maman," na mimi nacheka, mjinga mimi, nacheka kwa adabu, kwa kuwa nilipoingia ni mimi niliyesema ni ya bwana yangu, mimi ninayewatania wanawake wenzangu wanaojifanya hawajui hesabu mbele ya wachumba, nilisema hivyo ili nisionyeshwe mazulia ya gari yenye maua, na sasa bwana huyo niliyembuni amesimama kati yetu, pilota mkubwa wa magari, wakati Fabien wa kweli hajui kapo ya injini inafungukia wapi… Jumamosi ni pisti, mashindano ya magari huko ng'ambo, Rwanda, mara yangu ya kwanza kuandikwa, jina langu lote, na bila mapine haya ya kipara nitaenda kuteleza mbele ya watu, lakini mama yuko Kalehe na kifua chake, Adèle mdogo wangu anaweza kupiga simu wakati wowote kwamba kuja sasa hivi, na ukishapita Mudaka mbele huko lami inachoka, halafu ni udongo, na mvua hii ya Aprili haiombi ruhusa, na hili la kipara kwenye udongo… juzi mama aliniambia, "kuja polepole, siwezi kufa leo, nguo iko kwa kamba," akakohoa, akacheka, sijui kipi kilitangulia… "Nimupigie papa simu, tusikosee," na kabla sijasema hapana, ameshapiga, namba ya Fabien anayo tangu tulipobadilisha betri, ameweka sauti nje, duka lote linasikia ikilia, Mungu wangu, atasema mapine gani, atasema mapine ni ya bibi yangu, "Allô, patron! Maman iko hapa, anashindwa kuchagua," nani anashindwa, we muzee… halafu Fabien, kwa sauti ile anayotumia kortini, "Aah, Télesphore! Mupatie zile za mashindano. Mimi kwenye kona nafungaka breki mapema, halafu naiacha gari ijigeuze yenyewe, pine ngumu haiwezi kunisikia," na hayo ni maneno yangu, yangu neno kwa neno, niliuambia mgongo wake kitandani, mgongo uliokuwa unakoroma, au haukuwa unakoroma, alikuwa anasikiliza? ananiibia au ananifunika? "Lakini patron, maman anasema munaendaka Kalehe, na mvua iko," "Kalehe nitapanda bisi. Nitamupelekea maman mukwe dawa mwenyewe," na Télesphore ananitazama kama mtu aliyeokota dhahabu Shabunda, "maman, uliolewa!" na ndiyo, niliolewa, ninapaswa kulia kwa shukrani, mbona ninataka kulirusha hili pine barabarani, amenipa pisti yote, amenipa na bisi, ila ni mama yangu, Fabien, ni kikohozi cha mama yangu, dawa anapeleka yeyote lakini ni mimi ambaye mama ananiongopea kuhusu nguo za kwenye kamba… na sasa naliona, polepole, kama ukungu unavyotoka ziwani, kwamba nilikuja hapa kutafuta mtu wa kunikataza, Télesphore anikataze, Fabien anikataze, mvua inikataze, nirudi nyumbani na hasira safi, na hakuna aliyekataza, wamefungua milango yote miwili, ya pisti na ya Kalehe, na wamekosea mtu, wamemfungulia pilota niliyembuni… basi nitachukua haya ya mitaro, nitaenda nayo pisti hivyo hivyo, yatalia kwenye kila kona kama mbuzi wa sikukuu, yatachoka mapema, nitapitwa na kila mwenye injini, nitakuwa wa mwisho kwa jina langu lote, na Adèle akipiga simu nitapanda kwenda kwa mama nikiwa nimeshika usukani mimi… "Tunafunga za mashindano, maman? Papa ameshasema," Télesphore tayari amekumbatia lile la kulia, simu iko wazi, Fabien anapumua ndani yake, anangoja naye, na mimi naweka kiganja cheusi juu ya lile la mitaro, maneno ya kuanzia yako karibu, Télesphore, weka hilo chini, dereva ni mimi…