Kompyuta Iliyotaka Watu Wawili

Fundi alifungua skrubu za ubavuni mwa kompyuta, akaziweka kwenye kisosi alichoshikiwa na Nesi, kisha akapuliza. Vumbi likawarukia wote wawili, wakapiga chafya kwa zamu. Nesi alikuwa amestaafu zamani, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, na mkono wake ulioshika kisosi haukutikisika.

"Inazima wakati gani hasa, mama?"

"Ukitoka tu."

Ni kweli. Alipokuja mara ya kwanza iliwaka vizuri, ikacheza muziki, fundi akaona aibu kudai hata nauli. Alipofika getini kioo kikawa cheusi. Akarudi, ikawaka. Akabadilisha waya, akabadilisha feni, akaihamishia soketi ya jikoni. Wapi! Akiwa ndani inafanya kazi, akitoka inalala.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alitania.

Nesi hakucheka. Mwanawe wa pekee aliishi ng'ambo, na kompyuta hiyo aliinunua yeye ili Jumapili waonane sura. Nyumbani hakuwa amekanyaga tangu mazishi ya baba yake. Ilipoharibika, mwanawe alipiga simu, akasema, "Mama, tafuta fundi. Ikishindikana kabisa, nitakuja mwenyewe." Tangu hapo Nesi aliomba kimoyomoyo fundi ashindwe. Alimpenda kijana wa watu, alimkaribisha chai, na alimwombea ashindwe.

Lakini fundi mzuri habahatishi. Aliweka kiti cha pili kando ya Nesi, akatoka nje, akachungulia dirishani. Kiti kitupu: giza. Wakatundika koti kwenye kiti: giza. Wakamkalisha paka, kompyuta ikanguruma kidogo kama inayofikiria, ikaacha. Wakaweka picha ya marehemu mume wake. Taa ndogo ya kijani ikawaka, Nesi akashika kifua. Kisha nayo ikazimika.

"Basi nimeielewa," fundi alisema akiingia ndani. "Haina ugonjwa. Inataka watu wawili. Mtu mmoja haimhesabu."

"Nilishahisi," Nesi alisema. "Na friji nayo imeanza kuninunia."

"Huna mtu wa kukaa naye?"

"Ningekuwa naye, mwanangu, kompyuta ningeitakia nini?"

Fundi akajikuna kisogo. Wateja wengine walikuwa wanamngoja, na kushindwa hakukuwa kwenye damu yake. Akakaa kwenye kiti cha pili, akajiweka sawa, kisha akainuka taratibu, kivuli chake akakiacha kimekaa.

"Hiki kitakutosha, mama. Hakili, hakina maneno. Mimi nashinda ndani, sikitumii sana."

Kompyuta ikawaka. Nesi alimtazama dirishani akivuka barabara kwenye jua kali, chini yake hakuna kitu. Muuza maji alimuuliza kivuli kiko wapi. "Nimekiacha kazini," fundi akajibu, wakaagana.

Jumapili ilipofika Nesi alikuwa ameshajipangia uongo wake. Angeacha kompyuta iite mpaka ichoke, halafu apige simu aseme imekufa kabisa, njoo. Aliketi, kivuli kando yake, mikono kaibana mapajani. Kompyuta ikaita. Ikaita tena. Jamani, moyo wa mzazi! Kidole kikamtangulia, na uso wa mwanawe ukajaa kwenye kioo, umenenepa kidogo, na mvi kwenye ndevu ambazo Nesi hakuwahi kuziona.

"Mama! Kumbe imepona! Afadhali. Nilishaanza kutafuta tiketi, ujue."

"Ulishaanza?"

"Eeh. Lakini sasa hakuna haja, si tunaonana?" Akasogeza uso. "Huyo kando yako ni nani?"

"Kivuli cha fundi."

"Safi sana. Basi hukai peke yako, nami roho imetulia."

Wakaongea habari za baridi na za magoti. Kisha akasema ana haraka, akampungia mkono, akaondoka. Nesi akalia, kwa sababu iliuma, na hakujificha, maana kivuli hakikuwa na macho ya kumwangalia. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa khanga na kutazama mezani. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, feni inazunguka taratibu, kioo kinang'aa. Kompyuta haikuwa na tatizo lolote.