Pruitt ya Baba Juu ya Birika la Kahawa

Mtu akinitania kuhusu gari langu, namwachia. Akinitania kuhusu upishi wangu, namwachia pia, maana hata mimi mwenyewe sijisifu. Lakini mtu akiisema vibaya bastola ya Pruitt mbele yangu mimi, Leona binti Orrin, ajue siku hiyo amekalia kaa la moto.

Huku milimani kwetu kila mtu anaijua ile bastola nzito ya zamani, yenye risasi nene, ambayo babu zetu walikwenda nayo vitani. Muundo wake ni uleule tangu mwaka 1911, ila watengenezaji wake ni utitiri, na kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha kila mtu ana dini yake. Kuna watu wa Toroso, ya bei poa, inayotoka ng'ambo. Kuna watu wa Vandermeel, ya bei mbaya, inang'aa utadhani kijiko cha harusi. Na kuna sisi wa Pruitt, iliyotengenezwa papa hapa mjini mpaka kiwanda kilipofungwa. Baba alifanya kazi pale tangu ujana wake. Alikuwa akiupatanisha mwili wa bastola na kile chuma cha juu kinachorudi nyuma risasi inapotoka, kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka viteleze bila kuchezacheza. Siku ya mwisho ya kiwanda alijitengenezea moja yake mwenyewe.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ukutani.

Klabu yetu ina desturi moja ya kikatili. Bastola ikikwama kwenye fainali inatundikwa ukutani, juu ya birika la kahawa, na chini yake kinapigiliwa kibao chenye jina la fundi wake. Haruhusiwi mtu kuishusha, ila kwa kuishindanisha na bastola bora ya klabu. Isipokwama, inakwenda nyumbani. Ikikwama mara ya pili, inakatwa vipande viwili kwa msumeno, mchana kweupe, watu wakila.

Miaka mitatu iliyopita Baba alimwazima bastola ile rafiki yake wa tangu utotoni, Boyd Hatcher, fundi bomba, aende nayo kwenye fainali dhidi ya klabu ya ng'ambo ya mto. Ikakwama imebaki pini moja tu ya kuangusha! Boyd alirudi amevimba kwa hasira, akasema mbele ya kadamnasi, "Mikono ya Orrin imezeeka." Baba alirudi nyumbani akalifunika kwa turubai jiliwa lake la kubania vyuma, na klabuni hakukanyaga tena. Boyd akajinunulia Vandermeel. Hawakusalimiana tena, hata kanisani.

Na mimi? Mimi nilinunua Toroso ya mtumba na kujifunza kulenga. Kila nilipomaliza kurudisha watoto wa shule na kuegesha basi, nilikwenda kupiga. Mwaka huu nikajiona nimeiva.

Kesho yake ikiwa Jumamosi ya karamu ya vitunguu pori, nikamwambia Baba mezani, "Kesho naishusha bastola yako."

"Iache ilipo."

"Siiachi ng'o."

"Leona, ikikwama tena wataikata." Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Afadhali watu wanicheke ikiwa ukutani kuliko nione inakatwa."

"Basi usije kuona," nikamjibu, na nikainuka kabla sijalia mbele yake.

Jamani, Jumamosi ile! Mji mzima ulikuwa uwanjani, unanuka vitunguu pori kuanzia watoto hadi mchungaji. Dreama, mpishi mkuu ambaye pia ndiye mwamuzi wetu, alipanda kiti akaishusha Pruitt kwa mikono yake yenye mafuta ya kukaangia. Niliipangusa vumbi, nikaitia mafuta, nikakivuta kile chuma cha juu. Kiliteleza kama siagi.

Boyd alikuwa ameshasimama kwenye mstari na Vandermeel yake, ndiyo bastola bora ya klabu mwaka huu. "Leona, msumeno umekuja nao, au tukuazime?"

"Mzee Boyd, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiyo yako imetembezwa mpaka redioni."

Watu wakacheka. Hata Boyd alitaka kucheka, akajizuia.

Sheria ni rahisi. Mbele ya kila mpigaji kuna meza ya chuma, na juu yake pini tano za mbao, zile za mchezo wa kuviringisha tufe. Unazipiga mpaka zote zianguke chini ya meza, zinapangwa nyingine, unaendelea. Ukikosa unarudia. Ukikwama umekwisha.

Tukaziba masikio. Dreama akapuliza kipenga.

Weee! Pini ziliruka! Pruitt ya Baba ilinisukuma kiganja kwa heshima, ikarudi palepale, ikasukuma tena. Magazini, kile kibati kinachobeba risasi, ikiisha naiachia ianguke changaraweni, napachika nyingine. Nilikuwa natumia magazini za Toroso yangu, maana zote hizi huingiliana. Muundo ni mmoja. Meza ya kwanza chini, ya pili chini, ya tatu chini. Vandermeel nayo haikuwa mchezo, nisiwe mwongo. Ilikuwa inapiga kwa sauti kavu, safi, na Boyd alikuwa hakosi.

Watu wa Toroso walikuwa wamepanda juu ya magari yao kutuangalia. "Zote mbili ghali bure!" mmoja akapiga kelele. "Nyamaza, yako inakwama hata ikiwa kwenye droo!" akajibiwa, na mkate wa soseji ukarushwa.

Wakati pini zinapangwa niligeuka. Baba alikuwa amesimama kando ya gari lake, kofia mkononi. Hakusogea. Alikuwa anaisikiliza bastola, si kunitazama mimi.

Boyd naye alimwona. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa magazini kuukuu iliyozungushiwa utepe mwekundu. Tuliijua wote. Ilikuwa ya marehemu baba yake, ndiyo bahati yake, na haitoki mfukoni ila siku kubwa. Tangu ile fainali klabu yetu haikufika fainali nyingine, kwa hiyo haikuwa imetoka.

Akaibusu, akaipachika. Kipenga.

Nikapiga pini ya kwanza, ya pili. Upande wa Boyd nikasikia mlio mmoja, wa pili, halafu kimya. Nikamalizia zangu, nikageuka. Vandermeel ilikuwa imeachama, risasi imesimama wima mdomoni, haiingii wala haitoki.

"Imekwama!" Uwanja ukalipuka. "Msumari! Itundikwe!" Niliruka juu, haki ya Mungu, niliruka na viatu vyangu vya kazi mpaka nikamkanyaga Dreama. Pruitt inarudi nyumbani! Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na Boyd sasa amsingizie nani?

Lakini Boyd hakumsingizia mtu. Aliichomoa ile magazini, akaitazama midomo yake, pale risasi zinapotokea, akaigeuza kwenye mwanga. Midomo ilikuwa imepanuka upande mmoja, kidogo tu. Angeweza kuirudisha mfukoni, na nani angejua? Uso wake ukabadilika.

"Dreama, nyamazisha watu," akasema. Dreama akapuliza kipenga. "Hii ndiyo niliyokuwa nayo kwenye Pruitt siku ile. Na mwanzoni mwa mechi ile niliiangusha changaraweni."

Akanigeukia mimi. "Leona, ijaribu kwenye hiyo yako."

"Thubutu!" Dreama akadakia. "Pruitt imeshashinda. Ikikwama sasa hivi hapa mstarini, ni mara ya pili, na sheria ni msumeno. Leona, chukua bastola ya baba yako uende zako."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshinda. Niliishika Pruitt kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Lakini ningekwenda nayo nyumbani, na kila mtu angesema bado: leo ilikuwa na bahati, siku ile ilikwama.

"Iweke, mwanangu." Sauti ya Baba ilitoka nyuma yangu, hapo karibu kabisa. "Nataka kujua."

Nikaipachika ile yenye utepe. Pini ya kwanza ikaruka. Ya pili ikaruka. Halafu Pruitt ikaachama, risasi wima mdomoni, vilevile kabisa.

Boyd hakungoja. Alichukua magazini yangu ya Toroso, akaipachika kwenye Vandermeel, akaimwaga yote bila kituo. Nami nikaipachika nyingine kwenye Pruitt, nikaimwaga yote. Bastola mbili, zote nzima.

Msumeno ulikuwa mezani, kando ya sufuria ya maharage. Dreama aliutazama, akatutazama. "Sheria inasema kilichokwama kinakatwa," akasema polepole. "Mimi naona kilichokwama ni kibati hicho chekundu."

"Usikikate," Boyd akasema. "Ni cha baba. Kitundikeni tu."

Akachukua nyundo mwenyewe. Akaipigilia magazini ya bahati yake juu ya birika la kahawa, pale pale ilipokuwa Pruitt, akakigeuza kibao chenye jina la Baba na kuandika nyuma yake: Boyd Hatcher. Kisha akasimama mbele ya Baba, nyundo bado mkononi.

"Orrin," akasema, "nilikuharibia jina miaka mitatu."

Baba alinyoosha mkono, akaichukua Vandermeel, akahakikisha haina kitu, akakivuta chuma cha juu karibu na sikio lake na kukirudisha. Akakivuta tena. Nikaona vidole vyake vinatafuta tupa ambayo haikuwepo.

"Inacheza kidogo hapa mbele," akasema. "Hela yote uliyotoa, na bado inacheza. Niletee Jumatatu."

Boyd akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Saa ngapi?"

"Asubuhi. Na uje na kahawa, yangu imekwisha."