Soda ya Babu

Hii ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi ya kuonja, mimi Inkham, mstaafu wa posta ya Chiang Mai, Thailand, nipigwe na radi nikiwa nimelala.

Maarika alitoka Estonia akapanga chumba chetu cha juu, maana kodi ya mwezi mzima hapa, kule kwao haimalizi wiki. Kazi yake alikuja nayo ndani ya kompyuta. Kila siku saa tisa alasiri, kwao asubuhi, alifunga mlango akaongea na wakubwa zake. Masika hayo mawingu yalishuka toka mlima Doi Suthep yakaketi uchochoroni, nyumba ikaelea kama mashua isiyo na haraka. Nikiwa barazani niliyaona maneno yake yakitoka dirishani, meupe, yakipanga foleni juu ya waya pamoja na ndege, kisha yakiruka kwenda Ulaya. Niulizeni mimi, nimesafirisha maneno ya watu miaka thelathini na sita.

Nilimpenda kama binti. Wapangaji wengine nikianza hadithi walivaa visikilizio. Huyu aliuliza, "Kisha?"

Basi intaneti ikaanza kukatika. Saa tisa na robo, kimya.

"Ni Babu," nikamwambia, nikionyesha kibanda cha mzimu wa kiwanja, pale chini ya mlongani, mti wetu wa matunda. "Ana kiu. Anayashika maneno yako kiganjani kama vimulimuli. Mpe soda nyekundu."

"Wewe mzee!" mke wangu Buasai akafoka toka jikoni. "Usimdanganye mtoto wa watu!"

Lakini Maarika akaweka chupa na mrija wake. Na siku hiyo kikao kikafika mwisho! Kesho yake vilevile. Siku aliyosahau soda, intaneti ikafa. Tena, mizimu ya majirani hunywa harufu tu, soda inabaki. Babu wetu aliacha chupa tupu. Uchochoro mzima ukaja kuangalia.

"Mzimu gani huu unaofyonza mpaka mrija unalia?" Buasai akauliza, akiniangalia mimi, siyo chupa.

Alhamisi Maarika akashuka amepauka. "Mjomba, kesho wakubwa wanaamua kama nibaki huku au nirudi ofisini. Wamechoka kukatiwa. Kikao kikikatika tena, naondoka."

Nyumba ikaacha kuelea. Nikawasha ubani pale pale, nikapiga magoti. "Babu, kikao cha kesho kikifika mwisho, mimi Inkham nitakuchezea ngoma ya kucha, na sketi nitavaa!"

Ngoma hiyo ni ya wanawake, na kucha zake za shaba, za vidole vyote isipokuwa gumba, ni ndefu kama mishumaa. Buasai alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Ijumaa ikaja na joto la kupika wali. Maarika akaweka soda, akapanda juu. Nami nikaenda mlonganini, kwa ajili ya ulinzi tu. Wingu likanizunguka. Mrija ukanijia wenyewe mdomoni.

"Babu, kiu imepoa?"

Buasai alikuwa nyuma yangu.

"Nilikuwa naonja kama imeharibika."

"Toa ulimi."

Nikautoa. Mwekundu kama bendera.

"Na daktari alisema nini kuhusu sukari? Ingia ndani ukalale!"

Nikaingia kwa adabu, nikajilaza kwenye mkeka chini ya ngazi. Joto! Mkono ukaenda wenyewe ukutani, kama kila siku ninapolala mchana, uchomoe ile plagi nyeupe nichomeke feni yangu.

"Wee! Acha!" Buasai alinidaka kiwiko. "Hiyo ndiyo ya kiboksi cha intaneti!"

Tukatazamana. Juu yetu sauti ya Maarika ilikuwa ikiendelea, laini, neno baada ya neno. Polepole nikaona anachokiona mke wangu. Siku bila soda, nalala na feni. Siku ya soda, niko mlonganini.

"Mimi plagi hiyo nilidhani ya taa," nikanong'ona.

"Nyamaza, amalize."

Tukakaa sakafuni, jasho likitutiririka, mkono wangu umebanwa kwapani mwake kama mwizi. Hatimaye mlango ukafunguka.

"Mjomba! Shangazi! Nimepewa mwaka mzima!"

Nilitaka kulia. Buasai tayari alikuwa kabatini akitafuta kucha zake za usichana.

"Lakini mke wangu, Babu hakufanya kitu! Ilikuwa feni!"

"Uliahidi nini? Kikao kimefika mwisho?"

"Kimefika."

"Basi vaa."

Majirani walijaa uani. Maarika alisimuliwa kisa cha plagi, akaniangalia. Nikashusha macho.

"Kisha?" akasema.

Kisha nikacheza. Sketi ya mke wangu ikinibana, vidole vinane vya shaba vikiokota mawingu, Babu kimya kibandani mwake.

"Goti chini!" Buasai akaamuru. "Taratibu! Bado wimbo wa pili!"