Mbuzi wa Kwenye Kapo

Kavugho alikuwa akishindilia mchanga ndani ya kasha la kusubia sufuria kwa aluminiamu iliyoyeyushwa, wakati gari la zamani la Mzee Kahongya liliposimama mbele ya karakana yake, pale Butembo. Kahongya hakushuka haraka kama kawaida yake.

"Mama Kavugho, kuja uone vile baliniharibia."

Juu ya kapo, kifuniko cha injini, mahali ambapo swala mdogo wa chuma cha kung'aa alikuwa akiruka tangu enzi za Wabelgiji, zilibaki kwato mbili tu. Pikipiki iliyobeba mbao ilikata kona vibaya karibu na soko, ubao ukampiga swala, vipande vikapotelea kwenye mtaro.

Kavugho aligusa kwato zile kwa kidole. Mabibi harusi wengi wa mji huu walipelekwa kwa waume zao nyuma ya swala yule. Watoto walilikimbilia gari ili wamguse tu. Hata madereva wa malori makubwa, watu wasiompisha mtu, walisimama kumtazama, na wengine walijifuta mikono kwanza.

"Kesho mutoto wangu Marie-Jeanne anaenda ku bwana yake, kule Vuhovi," Kahongya alisema. "Mama yake alikuja kwangu na hii gari. Mbele ya kufa kwake, nilimuahidi mutoto ataenda vile vile, na swala mbele. Utaweza kutengeneza ingine?"

Kavugho hakuwa amewahi kusubu kitu kingine zaidi ya sufuria na vifuniko. Hayo ndiyo aliyofundishwa na marehemu mumewe, Zacharie. Lakini baada ya mazishi, watu wengine walipoleta maneno, Kahongya alileta pistoni zilizochakaa. Alizikusanya kwa mafundi wa magari, akawa anaziacha mlangoni na kuondoka bila kugonga, mpaka mjane alipopata nguvu ya kujinunulia vyuma.

"Nitajaribu, papa. Lakini hapana kunicheka."

"Nani atacheka? Gari yangu bila swala ni kama mubaba bila suruali."

Alichonga umbo kwenye mche wa sabuni. Kichwa na pembe alivikumbuka, lakini miguu ya mnyama anayeruka hujikunja vipi? Akatoka nje, akamtazama mbuzi wa jirani akiruka ukuta, mara moja, tena na tena, kisha akarudi kuchonga. Akalaza sabuni kwenye mchanga, akafunga kasha, akalifungua, akaitoa taratibu. Alipomimina aluminiamu ya sufuria kuukuu, ikaganda kabla ya kufika miguuni. Mnyama akatoka kiwete. Ndipo akakumbuka pistoni chache alizoziweka chini ya kitanda, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuziyeyusha. Akaziyeyusha, kwa maana aluminiamu ya pistoni hutiririka vizuri kuliko ya sufuria. Ilifika mpaka kwenye ncha za kwato, na bulo, bolti ya kumfungia kwenye kapo, ikashika imara tumboni.

Asubuhi ua wa Kahongya ulijaa vigelegele. Kavugho alikaza nati chini ya kapo, akarudi nyuma hatua moja, na vijana wakaangua kicheko.

"Papa Kahongya, swala yako imefuga ndevu!"

Ni kweli. Mnyama alikuwa na ndevu, na mkia umesimama juu. Alikuwa mbuzi.

Berthe, dada yake Kahongya, hakucheka. "Bakwe balituletea mbuzi ya mahari, na leo siye tunabarudishia mbuzi? Mbuzi inarudi ku bakwe siku ndoa imekufa! Mutoto hajafika hata mulangoni, munamuvunjia nyumba?"

Vigelegele vikakatika. Wazee waliangalia chini. Marie-Jeanne, aliyekuwa ameinua pindo la gauni jeupe ili apande, akaliachia.

"Naitoa," Kavugho alisema, uso ukimwaka kuliko mbele ya tanuru. "Musamehe. Gari itaenda vile iko."

Kahongya alimpitishia mbuzi kidole gumba mgongoni. "Iko inaruka kweli, mama," alisema polepole. "Aksanti."

Neno hilo lilimfanya Kavugho ashindwe kuona vizuri. Aliinama, akalegeza nati, na mbuzi akazunguka juu ya bulo yake, akageuza uso nyuma, kwenye nyumba ya Kahongya. Kavugho akamzuia hapo kwa mkono.

"Tantine Berthe, siku banaleta mbuzi ya mahari, inaangaliaka wapi?"

"Ku nyumba ya baba ya binti. Unauliza nini?"

"Basi angalia sasa. Hii hairudi ku bakwe, inakuja ku nyumba."

Berthe alikuja. Alilizunguka gari zima, kitenge kikiburuza. Alichuchumaa mbele ya mbuzi, akamtazama machoni, kisha akatazama mlango wa kaka yake.

"Kaza bulo," alisema mwishowe. "Kaza muzuri, njia ya Vuhovi ni mubaya."

Marie-Jeanne ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, bibi harusi mwenyewe, na wanawake wakampokea.

Gari liliteremka polepole na honi yake ya zamani ikilia. Kavugho alibaki barabarani, spana mkononi. Kupitia kioo cha nyuma na cha mbele, kati ya kichwa cha baba na shela ya binti, aliuona uso mdogo wenye ndevu ukimwelekea, ukidunda kila tairi lilipoingia shimoni, ukija, ukija, mpaka vumbi likaufunika.