Jagi la Kabichi

Tangu kile kipindi cha sayansi kianze kuonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi alasiri, Mama Dobi hakuwa na raha. Binti yake, mtu mzima wa miaka ishirini na saba anayempigia pasi kazini, alikuwa amemaliza miaka kumi bila kulitamka neno sayansi. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya darasa zima kwamba kichwa chake ni cha kubebea ndoo, naye akarudi nyumbani akachana madaftari yote. Alilia mwezi mzima. Mama ndiye aliyefagia vile vipande.

Sasa haya tena! Sehemu ya kwanza ya kipindi, binti kasahau pasi juu ya nguo. Ya pili, kaanza kuuliza sabuni inatoaje mafuta.

"Inatoa, basi! Unataka ikupe na sababu?"

"Mama, miaka yote hii hujawahi kujiuliza?"

"Nijiulize saa ngapi? Nguo zinajifua?"

Ya tatu, kanunua kabichi ya zambarau, na si ya kula. Kaichemsha, kachuja maji yake kwenye jagi, kaliweka karibu na karo la kufulia. Wateja wakaanza kumwita Profesa. Mama hakucheka. Aliwaza tu yale madaftari.

Siku moja yalikuwepo makoti meupe kumi na mawili ya zahanati, ya kuchukuliwa saa kumi na moja jioni. Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa ameshasema wazi: mkikosea tena, nahamia kwa dobi mwingine. Na bila zahanati, nusu ya kazi imekwenda.

Dobi yeyote anajua, maji ya mwisho ya nguo nyeupe hutiwa buluu kidogo ili zing'ae. Mama huikoroga mapema, kwenye jagi, karibu na karo. Akanyoosha mkono bila kutazama, akamimina kwenye beseni kubwa, akatumbukiza makoti yote. Alipoinua la kwanza, kola ilikuwa na mabaka ya kijani. Makwapani kijani.

"Profesa! Njoo uone kazi yako!"

Binti akaja mbio. Badala ya kushika kichwa kama watu, macho yakamng'aa. "Kijani! Mama, umetia maji yangu ya kabichi, na yakigusa sabuni hugeuka kijani. Hayakusuuzwa vizuri."

"Nani hakusuuza? Mimi? Nimeanza kufua hata baba yako hajaniona!"

Binti akatia siki kwenye beseni. "Tazama sasa." Kijani kikageuka waridi.

Mama aliona kitu kimoja tu: makoti kumi na mawili ya waridi yanaingia zahanati. Akanyakua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, ile ya klorini.

"Usiweke, Mama! Humo mna siki! Walisema kwenye kipindi..."

"Walisema, walisema! Wao wamefua makoti mangapi?" Akamimina.

Akina mama wenzangu, hapa tuelewane. Ile dawa haichanganywi na siki, wala limau, wala dawa ya choo. Mama Dobi alikuwa na vyote hivyo chumba kimoja kwa miaka thelathini, na kilichomwokoa ni bahati tupu. Mvuke mkali ulipanda kutoka kwenye beseni ukamkaba koo, macho yakawaka moto. Binti alimkamata kiunoni, akamburuta hadi uani, akaacha mlango wazi, akamzuia kurudi.

"Makoti!" Mama akakohoa.

"Yaache! Hewa itoke kwanza."

"Ungeniambia mapema."

"Nilipiga kelele, Mama."

"Ungepiga zaidi!"

Walingoja muda mrefu. Harufu ilipokwisha kabisa, wakamwaga yale maji na kuyasuuza makoti uani, maji manne. Rangi ilikuwa karibu imalizike Metroni alipotokea. Mama alishaandaa uongo wake, kwamba maji yalikatika. Binti akaanza kusema kweli. Mama akamfinya, binti akaendelea.

"Hicho kijani kilikuwa wapi hasa?" Metroni akauliza.

"Kola na makwapani."

Metroni akaigusa kola ya koti moja. "Wauguzi wangu wana miezi miwili wanajikuna shingo. Mimi nikadhani joto, kumbe sabuni." Akamgeukia Mama. "Nakupa hadi kesho mchana. Lakini kila koti huyu alipime kwanza. Asiporidhika, sichukui, na sirudi."

"Huyu? Na hiyo kabichi?"

"Na hiyo kabichi."

Kesho yake Mama alisuuza maji matano, huku akikohoa na kunung'unika kwamba kumbe mtu anafua umri mzima ili aje akaguliwe na mboga. Akakamua kola ya koti la kwanza, matone yakaingia kwenye kikombe cha maji ya zambarau. Binti akainama. Mama naye akainama, amebana pumzi, ingawa asingekubali kwamba ameibana.

Zambarau ikabaki zambarau.

"Haya, umeridhika, Bibi Mkaguzi?"

"La kwanza safi," binti akasema bila kuinua uso. "Lete la pili. Na usikamue kola tu, nataka na kwapa."